Machicha Yaliyofikishwa Mahakamani

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nina kisa cha machicha yaliyofikishwa mahakamani.

"Machicha, mjomba? Yaliiba nini?"

Hayakuiba kitu, wala hayakumtukana mtu. Yalifika kortini huko Japani, yakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na majaji waliovaa majoho meusi wakakaa kulijibu swali moja: haya machicha ni taka, au si taka? Hukumu ilitolewa tarehe 10 Machi 1999. Msiniulize sasa hivi nani alishinda. Kwanza tuyajue machicha yenyewe.

Machicha ya nazi mnayajua. Nazi inakunwa kwa mbuzi, inatiwa maji, inakamuliwa kwenye kifumbu. Tui linashuka, machicha yanabaki. Soya nayo hufanyiwa hivyo hivyo. Inalowekwa usiku kucha mpaka ivimbe. Asubuhi inasagwa na maji, inakuwa rojo. Rojo linachemshwa, linamiminwa kwenye kitambaa, linakamuliwa. Yanayoshuka ni maziwa ya soya. Wajapani huyagandisha maziwa hayo wakapata tofu, vile vipande vyeupe laini vya kukatwa kwa kisu. Yanayobaki kwenye kitambaa ni machicha ya soya. Wao huyaita okara.

Sasa sikilizeni hesabu. Chukua soya kavu kilo 1. Tengeneza maziwa. Kisha pima machicha yaliyobaki. Utapata kilo 1 na kitu juu yake.

"Mjomba, itawezekanaje? Maziwa yameshatoka, halafu machicha yazidi soya yenyewe?"

Ahsante! Swali kama hilo linanifanya nitamani kukuongezea andazi. Yamezidi kwa sababu yamekunywa maji. Katika kilo 1 ya machicha mabichi, karibu gramu 800 ni maji. Katika gramu 200 zinazobaki, kama nusu ni nyuzinyuzi, robo au zaidi kidogo ni protini, na mafuta pia yamo. Robo nzima ya protini! Unga wa mahindi haufiki hata nusu ya hapo.

"Hapo sasa umesema!"

Nani huyo? Ah, ni machicha yenyewe, yanaita kutoka kwenye ndoo.

"Jana tulikuwa soya. Tulipakiwa kwenye magunia, tukapimwa kwenye mizani, tukalipiwa fedha. Alfajiri wametukamua. Jua halijapanda, tumeshaitwa taka. Kosa letu nini?"

Kosa lenu mnalijua. Mnaoza upesi mno.

Asubuhi ndoo ya machicha inapendeza. Bado yana joto. Yananukia maharage yaliyotoka jikoni sasa hivi. Rangi yake ni nyeupe iliyoingia umanjano, na ukiyafinya yanashikamana vidoleni, majimaji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mchana wa joto ukipita, harufu inageuka. Jioni juu kuna utelezi. Kesho yake hata paka anapita mbali. Na mtengeneza tofu hatengenezi mara moja kwa mwezi, anatengeneza siku baada ya siku. Kwa Japani nzima, kila mwaka, yanabaki mamia ya maelfu ya tani za machicha. Watu hula kidogo tu. Mengine yaende wapi?

Basi palikuwa na bwana mmoja aliyepita kwa watengenezaji tofu akikusanya machicha. Walimlipa ili ayaondoe. Yeye akayakausha kwa moto, yawe chakula cha mifugo na mbolea. Serikali ikamwambia: wewe unabeba taka za viwandani, kibali chako kiko wapi? Bwana akajitetea kwamba hii si taka, kwa hiyo kibali cha nini?

Majaji wakalitazama jambo lenyewe. Machicha haya yanaoza haraka. Yanayoliwa na watu ni machache. Mengi hupewa wafugaji bure, au mwenye nayo hulipa yaondolewe. Na huyu bwana alilipwa ili ayachukue. Basi, wakasema, ni taka. Bwana akashindwa kesi.

Mimi mjomba wenu sidhani kama majaji walikosea. Walihukumu ile ndoo ya jioni, na ndoo ya jioni haina mtetezi. Ndoo ya asubuhi ndiyo yenye maneno. Kati ya asubuhi na jioni kuna nini?

"Mjomba, kuna kuoza."

Vizuri. Na kuoza ni nini?

Mmenyamaza. Kuoza ni kuliwa. Machicha hayaozi peke yake. Kuna wanaoyala, wadogo mno, macho hayawaoni. Wengine ni bakteria, wengine ni ukungu. Wamo hewani, wamo kwenye ndoo, wamo mikononi mwetu.

Fikirini ua wa nyumba. Katikati umetandikwa mkeka mmoja mpana, na sinia la chakula limeshawekwa. Mlango wa ua uko wazi. Nani atakaa mkekani? Aliyefika kwanza. Wakifika kwanza wahuni, watakula, watamwaga, watatapika pembeni, na nyumba nzima itanuka. Wakifika kwanza shangazi zenu, mkeka wote utajaa kanga na vicheko. Wahuni wakichungulia mlangoni hawaoni pa kukaa. Chakula kitaliwa vilevile, lakini asubuhi nyumba itakuwa safi. Machicha ndiyo huo mkeka. Kwa hiyo kila mara tujiulize: nani amefika kwanza?

Shangazi wa kisa hiki anaitwa Laktobasilasi plantaramu. Jina refu, najua. Tumwite Plantaramu. Bakteria huyu alipewa jina hilo la plantaramu mwaka 1919 na mtaalamu wa Denmark aitwaye Orla-Jensen. Mwaka 2020 wanasayansi walipanga upya ukoo wake wote wakampa jina refu zaidi, na hilo sitawatesa nalo. Umbo lake ni la kijiti. Wapange kama mia mbili kwa mstari mmoja, ndipo utapata urefu wa milimita 1.

"Msinitazame hivyo," anasema Plantaramu. "Mnanijua. Mmeninywa."

"Tumekunywa wewe? Wapi?"

"Kwenye togwa."

Wala hadanganyi. Watafiti walioichunguza togwa ya Tanzania walimkuta humo, yeye na ndugu zake kadhaa. Bibi akipika uji, akauacha upoe, akautia kimea na kuufunika, Plantaramu na wenzake ndio wanaofanya kazi usiku. Bibi hakuwahi kuwaona, lakini aliwapa joto wanalolipenda na kifuniko. Ule ukali mtamu unaokufanya ufumbe jicho moja, huo ndio mkono wao.

"Mjomba, sasa Plantaramu akishakaa, wahuni hawawezi kumsukuma?"

Nilikuwa nalingoja hilo! Plantaramu anakula sukari. Akila, anatoa asidi ya laktiki, yaani uchachu. Kuna kipimo cha uchachu kinachoitwa pH. Maji safi yako 7. Ndimu iko 2 hivi. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Machicha mabichi yako 6 na kitu, na hapo mhuni yeyote anastarehe. Plantaramu akifanya kazi siku chache, yanashuka mpaka 4 hivi, karibu na mtindi. Kwenye uchachu huo bakteria wengi wanaoozesha hawawezi kuzaana. Yeye mwenyewe anavumilia. Ndiyo silaha yake: anapafanya mahali pakali, halafu anakaa hapo hapo.

Basi tuone wafugaji na viwanda wanavyofanya kazi hii. Nitaieleza polepole.

Machicha yanatoka yakiwa ya moto. Yanaachwa yapoe mpaka mkono uvumilie, maana ukimwaga Plantaramu kwenye machicha yanayofuka moshi unampika. Hayaachwi sana lakini! Ukichelewa, nani amefika kwanza? Wahuni.

Kisha yanachanganywa na pumba ya ngano au pumba nyingine kavu, inywe maji ya ziada. Inatiwa molasi kidogo, ile nyeusi nzito inayobaki kiwanda cha sukari kinapomaliza kazi.

"Molasi ya nini, mjomba? Si soya ina sukari?"

Sukari nyingi imekwenda na maziwa. Plantaramu akikuta mkeka hauna kitu, atachelewa kunenepa, na uchachu utachelewa. Molasi ni kianzio. Halafu inamwagwa chachu yenyewe, maji yenye mamilioni kwa mamilioni ya bakteria hai. Vyote vinachanganywa, vinashindiliwa kwenye pipa au mfuko mzito mpaka hewa yote itoke. Pipa linafungwa kwa nguvu.

Kwa nini hewa itoke? Ukungu unahitaji hewa. Plantaramu hajali. Mwenye kuweza kuishi gizani bila hewa ndiye anayebaki na mkeka. Humo ndani mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, wanne wanane. Machicha ambayo yangeshindwa kufika kesho sasa yanakaa wiki nyingi, hata miezi, mradi pipa halijafunguliwa.

"Na sisi?" yanauliza machicha kutoka ndani ya pipa. "Tumekuwa nani humu?"

Mmebadilika kidogo. Nitawaeleza, na watoto watacheka.

Soya ina sukari mbili za ajabu, rafinosi na stakiosi. Maharage ya kawaida nayo yanazo. Miili yetu haina kimeng'enya cha kuzikata. Zinapita tumboni nzima nzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wetu wa ndani wanazirukia. Wanapozila wanatoa gesi. Mnajua gesi hiyo inavyotoka, na mnajua nani darasani husingiziwa. Chekeni tu! Aina nyingi za Plantaramu wanacho kile kimeng'enya tusichokuwa nacho. Wanazikata sukari hizo ndani ya pipa, mapema, kabla hazijafika kwa mlaji.

Kuna jingine, nalo halichekeshi. Soya ina asidi ya fitiki, inayoshika madini ya chuma na zinki isiyaachie. Mnyama anakula, madini yanaingia na kutoka bila kumfaa. Ile pumba ya ngano, tuliyoitia kwa ajili ya kunywa maji tu, ina kimeng'enya cha kuivunja asidi ya fitiki, na kimeng'enya hicho hupenda mahali penye uchachu kidogo. Plantaramu anatengeneza uchachu, pumba inafanya kazi. Mimi hii hunifurahisha kuliko yote.

"Mjomba, kwani lazima soya ichemshwe? Bakteria si wangetosha?"

Swali la mwanasayansi, hilo. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, Osborne na Mendel, waliwalisha panya soya. Panya waliokula soya mbichi hawakukua vizuri. Waliokula iliyopikwa wakakua. Baadaye ilijulikana kwamba soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto unakiharibu. Bakteria wanaweza kukipunguza, lakini kumwachia bakteria kazi ya moto ni kujitakia taabu. Kuna wanaokamua rojo bado bichi, wakachemsha maziwa peke yake. Machicha ya namna hiyo lazima yapikwe kwanza.

Plantaramu hayuko peke yake duniani. Yuko Basilasi sabtilisi, ndugu wa yule anayetengeneza natto, zile soya za Wajapani zinazovuta nyuzi ukizichota. Huyu hapendi kufungiwa. Anataka hewa na joto, na kazi yake kubwa ni kukata protini ndefu kuwa vipande vifupi. Korea wapo wanaochachusha machicha ya tofu mahali pa joto, kisha wakayapika mchuzi. Na kisiwa cha Java, Indonesia, machicha ya tofu huoteshwa ukungu wa rangi ya chungwa, yakawa kitoweo kiitwacho oncom, cha kukaangwa. Ukungu si bakteria, lakini swali ni lile lile la mkekani.

"Mjomba, kwenye paketi ya mtindi nimeona neno probayotiki. Plantaramu ni probayotiki?"

Umesoma paketi! Wakubwa wengi hawasomi. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana nani aitwe hivyo. Awe hai. Awe wa kutosha. Na awe anamfaa kiafya yule anayemla. Hivyo si kila bakteria wa togwa ana haki ya jina hilo. Baadhi ya aina za Plantaramu zimepimwa zikalipata, nyingine bado. Na ukiyapika machicha yaliyochachuka, waliomo wanakufa. Chakula kinabaki kizuri, probayotiki imekwisha. Mwanza, kuanzia mwaka 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wa probayotiki, ukiitwa Fiti, kwa kutumia bakteria mwingine wa ukoo huo huo aitwaye ramnosasi. Wao walitumia maziwa ya ng'ombe, siyo soya, lakini ndani ya sufuria kanuni ni moja.

Sasa tuwaone nguruwe wadogo. Najua si kila nyumba inawafuga, lakini wao ndio waliosukuma kazi hii ikawa kubwa. Mabaki ya soya yaliyo mengi kuliko yote duniani ni mashudu, yale yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Hata kuku wetu huyala kwenye chakula cha dukani. Nguruwe mdogo aliyeachishwa kunyonya akipewa mashudu mengi ghafla, tumbo lake linazikataa protini fulani za soya, anaharisha. Kwa miaka mingi wafugaji waliwatilia dawa za antibiotiki ndani ya chakula ili wakue haraka. Lakini bakteria wabaya wakizoea dawa, siku mtoto anaugua hiyo dawa haimsaidii. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitumia kwa kukuzia mifugo mwaka 2006. China ikafuata mwaka 2020. Wafugaji wakabaki wanakuna vichwa, na wengi wakageukia mashudu yaliyochachushwa. Basilasi anazikata zile protini sumbufu, Plantaramu anatia uchachu, na tumbo dogo linapata kazi nyepesi. Mashudu hayo hayaponyi kila kitu. Banda chafu ni banda chafu tu.

"Mjomba, nitajuaje pipa limeiva vizuri?"

Pua yako inatosha kuanzia. Pipa zuri linanuka uchachu safi wa mtindi, na rangi haijachakaa. Ukisikia harufu ya mkojo au ya kitu kilichooza, au ukaona ukungu wa kijani au mweusi, usimpe ng'ombe, usimpe kuku, na wewe usionje. Mwite mkubwa, yapelekwe kwenye shimo la mbolea. Pipa likifunguliwa kuna anayesubiri nje: hewa. Ikiingia, hamira na ukungu zilizokuwa zimelala zinaamka. Baadhi ya hamira hula ile ile asidi ya laktiki. Uchachu unapungua, machicha yanaanza kupata moto, na mlango wa ua umefunguka tena. Ndiyo maana mfugaji mwenye ng'ombe wachache hajazi pipa kubwa. Anajaza madogo mengi, anafungua moja, anachota juu juu kila siku na kulifunika, na anahakikisha limekwisha kabla hajaligusa la pili.